Mathe Ana Sukari, Karatasi Inasema Brokoli: Nani Atalipia Gesi?

Cheki hii stori. Mwaka jana mathe alitoka kliniki na karatasi imekunjwa mara nne. Ameambiwa ana sukari, ile aina ya pili, amepewa tembe, na hiyo karatasi ndiyo ushauri wote wa dishi: brokoli, oti, mchele wa kahawia, mafuta ya zeituni. Akaniuliza, "Na hii brokoli inauzwa wapi hapa Rhonda?" Mimi nimeacha chuo, naishi kwake, na jioni ndiye mpishi. Kwa hivyo hiyo karatasi ilikuwa yangu, si yake.

Jina la kliniki naliacha, na ukweli usemwe, hawakukosea. Brokoli ni poa. Shida ni kwamba karatasi iliandikiwa mtu mwenye friji, supamaketi karibu na gesi isiyoisha. Wewe unasoma hii ukiwa bedsita Kapte ama Free Area, na huenda nyumbani kwenu kuna mtu ana sukari na hajui. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulipata karibu watu wazima 9 kati ya 10 hawajawahi kupimwa sukari hata siku moja. Utafiti huo huo ulisema asilimia 94 hawafikishi zile sehemu tano za matunda na mboga kwa siku. Asilimia 94, maze. Hiyo ni karibu kila mtu unayemjua, mimi nikiwa ndani.

Na hapo ndipo nashindwa kuelewa, juu sisi tunaishi katikati ya shamba. Enda Wakulima asubuhi uone. Waru za Molo na Mau Narok, kabichi, minji, karoti, maharagwe ya kila rangi. Managu na terere unapata kwa mama mboga hapo nje ya geti, na bado unaongezewa. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini chakula bado kinaingia kwa pikapu kikiwa na matope. Hakuna kitu kwa ile karatasi ambacho hakina binamu yake hapa kwetu. Badala ya brokoli kuna managu, saga na sukuma. Badala ya oti kuna maharagwe na ndengu.

Sasa angalia sahani yetu. Mukimo na chapo. Chapo na waru. Chips na soda. Ni wanga juu ya wanga, na mboga imewekwa pembeni kama mapambo. Wanga yote ikimeng'enywa inageuka glukosi na kuingia kwa damu. Mtu mwenye sukari ya aina ya pili, insulini yake haifanyi kazi vizuri ama haitoshi, kwa hivyo hiyo glukosi inabaki hapo kwa damu ikizurura. Ukipimwa kabla ya kula asubuhi na usome 7.0 kwenda juu, na irudiwe siku nyingine itoke vile vile, hiyo ni sukari.

Ndio maana sikumnyima mathe ugali. Mtoto wa Rift umwambie mamake aache ugali? Utafukuzwa kwa keja. Nilichobadilisha ni hesabu. Ugali ukawa saizi ya ngumi yake, robo ya sahani. Robo nyingine maharagwe, omena ama yai. Nusu nzima managu ama sukuma, isiyokaangwa ikaelea kwa mafuta. Na anaanza na mboga na maharagwe, ugali unakuja nyuma. Hiyo ya mpangilio nilidhani ni mambo ya TikTok, kumbe imefanyiwa utafiti: ukianza na mboga na protini, sukari haipandi kwa fujo baada ya kula.

Githeri nayo ndiyo dawa iliyokuwa imekaa jikoni tukiidharau. Punje nzima ya mahindi inachukua muda kumeng'enywa kuliko unga laini, na ukiweka maharagwe mengi kuliko mahindi, mambo ni safi kabisa. Mukimo pia inawezekana: punguza waru, ongeza minji na majani ya malenge mpaka iwe kijani ya ukweli.

Lakini githeri ni masaa. Na masaa ni gesi.

Hii ndiyo sehemu ya kisiasa ambayo karatasi za kliniki hazigusi. Julai 2021 serikali ilirudisha VAT ya asilimia 16 kwa gesi ya kupikia. 2022 ikashuka hadi 8. Sheria ya fedha ya 2023 ikaiondoa. Sawa, asante. Lakini jiulize, wewe hujaza mtungi lini? Watu wengi hapa mtaani wananunua makaa ya mkebe, wanapika kitu cha dakika kumi na wanalala. Chips ya kibanda imeshapikwa. Chapo ya kibanda imeshapikwa. Gharama ya moto ameibeba mwenye kibanda, akaigawanya kwa wateja mia. Mtu akikwambia maskini wanakula vibaya juu hawana akili, mwambie apige hesabu ya kuchemsha maharagwe kwa jiko la makaa akitoka kibarua saa moja usiku.

Tulichofanya kwetu ni kitu cha kina shosho. Loweka maharagwe usiku, mwaga hayo maji asubuhi, weka mapya. Chemsha yakitokota kwa nguvu nusu saa nzima. Usiruke hiyo, juu maharagwe mekundu yasipochemka vizuri yanakuchafua tumbo vibaya sana. Halafu toa sufuria na kifuniko chake, ingiza kwa kapu lenye blanketi kuukuu na matambara, funika kabisa, enda kazi. Ukirudi yameiva ama yamebaki kidogo sana, unayachemsha tena unamaliza. Kapu halina umeme wala VAT. Tunapika ya siku mbili kwa mpigo mmoja.

Chai ilikuwa vita nyingine. Kwetu sukari inatupwa ndani ya sufuria ikichemka, kwa hivyo wote mnakunywa sukari ya mmoja. Nikaitoa. Anayetaka ajiwekee kwa kikombe. Wiki ya kwanza mathe alininunia, ya tatu akaanza kusema chai ya majirani ni kama sharubati. Soda sitaki hata kuanza: chupa ndogo ya mililita 300 ina karibu vijiko 8 vya sukari. Na asali ya Baringo, najua ni tamu na ni ya kwetu, lakini mwilini ni sukari. Hata nguru. Hata juisi ya pasheni ya kibanda. Kula tunda zima, moja, uendelee na maisha.

Kuna kitu kilitukula doh, na nakuambia ili usiingie. Jamaa alimuuzia mathe unga maalum wa sukari, mchanganyiko wa nafaka kumi na kitu, bei mara mbili ya unga wa kawaida. Akaambiwa ale ashibe, hautapandisha. Akala akashiba. Masaa mawili baadaye tukampima na kale kamashine ka nyumbani: 14 na pointi. Wengi wenye sukari huambiwa wabaki chini ya 10 saa hiyo. Wimbi na mtama si wabaya, vinakaa na makapi yake na mimi navipenda. Lakini ugali wa kahawia ni ugali. Ukisagwa laini na ukajaa sahani, damu haiulizi rangi. Siku hizi stripu hazitoshi kupima kila siku, kwa hivyo tunapima dishi jipya peke yake, kabla na masaa mawili baada ya kula. Hivyo ndivyo tulijua githeri yetu iko sawa.

Na kama mzazi wako yuko kwa insulini ama tembe za sukari, usisome hii ukamkatia chakula leo usiku. Zile dawa zinahesabiwa na dishi, na zingine zinaweza kushusha sukari hadi mtu atetemeke, atoke jasho, achanganyikiwe ama azimie. Ukiona hivyo na bado anaweza kumeza, hapo ndipo kijiko cha sukari ama soda inaokoa maisha, halafu mkimbie hospitali. Ongea na kliniki kwanza, dawa zirekebishwe.

Tukirudi kwa serikali. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75, msee wa jua kali analipa kuanzia 300 kwa mwezi, na mpango ulipoanza alitakiwa alipe ya mwaka mzima mara moja. Hapo ndipo wengi wamekwama, na mimi siwalaumu. Lakini kuna kipande watu wanalala juu yake: ukijisajili tu, zahanati na vituo vya afya vinafaa kukuhudumia bila malipo kupitia mfuko wa afya ya msingi. Kupimwa kunaanzia hapo. Mpeleke mzazi wako asubuhi kabla ya chai, na wewe ukae kwa foleni upimwe pia.

Ukifika, uliza swali ambalo mimi sikuuliza: mtaalamu wa lishe yuko siku gani? Pesa ikitengwa kwa dawa na mashine bila huyo mtu, tutaendelea kupewa brokoli kwa karatasi. Mtu aliyelelewa Njoro ama Elburgon anaweza kuandika karatasi yenye managu, githeri, saizi ya ugali na jinsi ya kufunga kapu, kwa Kiswahili, upande mmoja wa kurasa. Tuna wodi 55 Nakuru na kila moja ina MCA. Wakija kuomba kura, hiyo karatasi ndiyo mimi nitawauliza.

Mathe ana kliniki tena Jumanne. Maharagwe nayaloweka Jumatatu usiku.