Bunduki Hifadhini, Mikopo Benki

Mwaka 2009 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda wananchi dhidi ya hila za makampuni ya kadi za mikopo. Ndani ya sheria hiyo hiyo kilipachikwa kifungu kinachoruhusu watu kuingia na bunduki zenye risasi katika hifadhi za taifa. Rais Barack Obama, aliyeitaka sheria ya kadi, hakuweza kutia sahihi nusu yake. Kifungu kilianza kutumika Februari 22, 2010.

Awali, kanuni za miaka ya 1980 zilimtaka mgeni kuondoa risasi na kuihifadhi silaha yake mbali na mikono. Watetezi wa bunduki walidai kwamba raia mwema aligeuzwa mhalifu kwa kuvuka tu mpaka wa hifadhi. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa imezaa utata mwingine. Sasa hifadhi hufuata sheria ya jimbo ilimo. Yellowstone imo katika majimbo matatu: Wyoming, Montana na Idaho. Mgeni huvuka mpaka asiouona, na sheria ikabadilika. Akiingia katika ofisi za hifadhi, silaha ni marufuku. Mzigo wa kuyapambanua hayo humwangukia askari wa hifadhi, mtumishi wa umma.

Haki ya Wamarekani kumiliki silaha imo katika Katiba yao, na ni juu yao kuijadili. Lakini jambo linalogusa uhai wa watu lastahili mswada wake lenyewe. Sheria iliyopitishiwa mlango wa uani huwaachia watumishi kazi ambayo wabunge waliikwepa.