Mama Mboga Hahitaji Mahubiri ya Bima

Kila inapobainika kwamba Wakenya wengi hawalipii bima ya afya, jibu huwa lile lile: wananchi hawajaelewa. Waziri huwaambia hivyo wanahabari, chifu hurudia barazani, na wachambuzi hutuhakikishia kwamba Mkenya hana utamaduni wa bima. Kisha fedha hutengwa kwa hamasisho: mabango, fulana, matangazo ya redio. Imani hii si kweli, na inaumiza wagonjwa, kwa kuwa inambebesha lawama yule yule ambaye mpango umemwacha nje.

Mtazame huyo anayedaiwa haelewi. Mama mboga wa soko la Kongowea, Mombasa, yumo kwenye chama cha kuchangiana, na mchango wake hautakosekana siku ya zamu. Mwanachama mwenzake akifiwa, kuna hazina ya msiba. Mtoto wa jirani akilazwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa na namba ya M-Pesa ikawekwa. Kabla ya simu hizi kulikuwa na harambee, na bado zipo. Wengi kutoa kidogo kidogo ili kumfaa mmoja aliyepatwa ndiyo bima yenyewe. Mama huyu anaielewa na kuilipia bila kushurutishwa na sheria yoyote.

Linalomshinda ni jinsi anavyodaiwa. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Asiye na ajira rasmi huulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake, kipato cha kaya kikakadiriwa, kisha akatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mwenye mshahara wa uhakika amewekewa utaratibu wa kulipa polepole, na anayetafuta riziki siku kwa siku ndiye anayedaiwa yote kwa pamoja. Huo ni uonevu. Serikali ilipoanzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole mwaka 2025, ilikiri kwa vitendo kwamba tatizo ni pesa, lakini tiba iliyotoa ni mkopo. Mtu akope leo ili aweze kuugua kesho!

Na kama ujumbe haukufika, mbona kufikia mwaka 2025 zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wamejisajili SHA? Watu walisikia, wakatoa vitambulisho vyao, wakajaza majina yao na ya watoto wao. Walipofika kwenye malipo, wengi wa walio nje ya ajira rasmi wakakwama. Hamasisho lilifanya kazi yake. Kilichoshindwa ni mfumo wa kulipia.

Utafiti unasema hivyo hivyo. Mwaka 2015, wachumi wakiwemo Abhijit Banerjee na Amy Finkelstein walifanya jaribio nchini Indonesia, katika maeneo ya Medan na Bandung, wakihusisha kaya takriban 6,000. Kwa bahati nasibu, baadhi walipewa maelezo kuhusu bima, wengine wakasaidiwa kujisajili, wengine wakapunguziwa au kulipiwa mchango kwa muda. Maelezo hayakuongeza wanachama. Ruzuku iliwaongeza. Msaada wa kujisajili nao uliongeza, ingawa zaidi ya nusu ya waliojaribu kuingia hawakufanikiwa. Walitaka, wakajaribu, mfumo ukawashinda.

Najua kuna watakaosema kwamba watu husubiri waugue ndipo walipe. Ni kweli wapo, na Indonesia walionekana pia. Lakini jaribio lile lile lilionyesha kwamba ruzuku iliwaleta wanachama wenye gharama ndogo za matibabu. Bei inapokuwa kubwa, anayejikaza kulipa ni yule ambaye tayari anaumwa. Mfuko ukibaki na wagonjwa watupu, bei ndiyo iliyowafukuza wazima.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna bango litakalolifunika. Mtu hulipa, akafika hospitali akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Au hospitali ya kibinafsi imesitisha huduma kwa wenye bima kwa sababu ya madeni. NHIF iliondoka ikiwa inadaiwa na hospitali mabilioni ya shilingi, na chini ya SHA malalamiko ya malipo kuchelewa yameendelea. Jirani anayeshuhudia haya akaamua kuweka 3,600 zake kwenye chama anajua anachofanya. Amepiga hesabu.

Njia nyingine ipo. Thailand nayo ilijaribu kuwauzia kadi za afya kwa hiari watu wasio na ajira rasmi. Mwaka 2002 iliachana nayo. Kila raia ambaye hakuwa kwenye mpango wa wafanyakazi aligharamiwa kwa kodi, na akifika hospitali akalipa baht 30 tu. Ndani ya muda mfupi karibu kila Mthai alikuwa na kinga, bila kugongewa mlango kukumbushwa mchango.

Kodi itatoka wapi? Mama mboga analipa VAT ya asilimia 16 anaponunua sabuni, na analipa ushuru kila anapoweka salio kwenye simu. Haombi hisani, anadai chake. Wala kanuni hii si ngeni kwetu: sheria ya mwaka 2023 ilianzisha mfuko wa afya ya msingi unaotegemea fedha za serikali, na mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Njia tunayo, ila tumeishia mlangoni.

Basi fedha za mabango zipelekwe kwenye michango. Kila kaya ambayo tathmini ya kipato imeipata katika kiwango cha chini ilipiwe na hazina ya taifa. Wanaobaki waruhusiwe kulipa kwa wiki au kwa mwezi bila kukopeshwa. Hospitali zilipwe kwa wakati, na dawa ziwepo. Mpaka haya yatimizwe, asisimame kiongozi yeyote kumweleza mama mboga umuhimu wa afya yake.