Upepo wa Bahari Nao Utakodishwa?

Mtu wa Mombasa akikwambia, "Twende Laithausi," hakuitii taa wala mnara. Anakuitia upepo. Anakuitia ule ukuta mfupi wa ufuoni ambapo watu hukaa wameipa mgongo barabara na uso wameuelekeza baharini, mkononi mna kipande cha muhogo wa kuchoma uliotiwa pilipili na ndimu, na mbele yao meli zinaingia Kilindini karibu mno hata mtoto hudhani akirusha jiwe litaipata. Hapo ndipo Mama Ngina Drive, ambayo zamani za mkoloni ikiitwa Azania Drive. Watu wa mjini wameshinda hapo jioni zao za Jumapili na siku za Idi kwa vizazi, wala hapana aliyewahi kuwauliza tikiti.

Nimeanza na jambo hili la tikiti makusudi. Kila baada ya miaka michache huzuka maneno mapya kuhusu ufuo huu: mara kutajengwa hiki, mara fulani amepewa kiwanja, mara utapambwa upendeze wageni. Na kila mara watu hunung'unika, kisha wanaambiwa kuwa hawapendi maendeleo. Mimi nataka nieleze manung'uniko hayo yanatoka wapi, kwani mtu asiyekulia hapa aghalabu hayaelewi.

Kwanza, msomaji, tazama ramani ya kisiwa chetu. Kisiwa ni ardhi iliyozungukwa na maji, hivyo ungedhani mtu wa kisiwani hatakosa pwani ya kukaa. Lakini izunguke Mombasa kwa miguu uone. Upande wa magharibi ni bandari ya Kilindini, ambayo tangu reli ianze kujengwa hapa mwaka 1896 imekuwa ikikua na kumeza ufuo, gati baada ya gati. Hilo halina ubaya, bandari ndiyo riziki ya mji. Upande wa Mji wa Kale kuna bandari ya majahazi na nyumba zilizobanana hadi ukingoni. Tudor na sehemu kubwa ya Kizingo ni viwanja vya watu, vina kuta na mageti na mbwa. Hata pale penyewe Mama Ngina, jirani zake ni Ikulu na uwanja wa gofu. Ukivuka daraja kwenda Nyali, Bamburi na Shanzu, huko ni hoteli. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa, na bustani ya Mama Ngina ni kiasi cha ekari 26. Sasa anayesema kuwa "kipande kidogo tu" kikitolewa hakitadhuru, aniambie tutakata wapi.

Na tusisahau kuwa ufuo huu haukuanza kuwa wa watu jana. Upande huo wa kisiwa ndiko kulikokuwa na mji wa kale wa Wakilindini, mmoja wa wale Thelatha Taifa pamoja na Watangana na Wachangamwe. Jina lenyewe la Kilindini latokana na kilindi, yaani maji yenye kina, na kina hicho ndicho kilichowaleta wenye kutaka mlango wa bandari. Wareno walijenga ngome zao ndogo kuulinda mlango huo, na mabaki yake yapo mpaka leo. Mibuyu nayo ipo, mingine minene kiasi cha watu kadhaa kushikana mikono kuizunguka. Chini ya mibuyu hiyo huuzwa mabuyu yaliyotiwa rangi na sukari, na watoto wetu hurudi nyumbani ndimi zimekuwa nyekundu. Waama, mambo madogo kama haya ndiyo yanayoufanya mji uwe mji.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wanaume kama mimi hulisahau. Mwanamume wa Mombasa ana baraza yake. Akitoka kusali laasiri atakaa nje ya duka la kahawa na kuzungumza mpaka aadhini wa magharibi amwite. Mwanamke je? Marehemu nyanya yangu alikaa Kibokoni katika nyumba ya vyumba viwili, na dirisha lake lilitazamana na dirisha la jirani. Wiki nzima alikuwa humo, kwenye kuni na makaa na nguo za wajukuu. Jumapili alijitanda buibui lake, akachukua mkeka na birika la chai, akatuongoza kama kuku na vifaranga hadi Mama Ngina. Huko alikutana na wanawake wenziwe wa Kuze, wa Majengo, wa Makadara. Posa zilianzia hapo na ugomvi wa ndugu ulikatwa hapo. Hakununua kitu ila mihogo, na siku nyingine hata hiyo hakununua, lakini hapana aliyemwambia, "Bibi, kama hununui ondoka." Mkahawa wenye viti vya kitambaa ungemwambia, hata kama si kwa mdomo.

Basi mwaka 2019 Serikali ilipoanza kuutengeneza upya ufuo huu kwa gharama ya kiasi cha shilingi milioni 460, si kweli kuwa watu walichukia kuona bustani safi. Mahali palikuwa pamechakaa na takataka zilijaa mabondeni. Lakini mabati yalipozungushwa, barazani yalisikika maswali matatu: Mibuyu itakuwaje? Wauza mihogo na madafu watakwenda wapi? Na mlango ukishajengwa, atawekwa nani kushika ufunguo? Kazi ilikwisha, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo sherehe za Mashujaa zikafanywa papo hapo. Nami nitasema kweli: ilipendeza. Njia za miguu ni nzuri, na mzee mwenye mkongojo anapita bila kujikwaa. Anayesema kuwa hapana jema lililofanywa anajipotezea hoja yake mwenyewe.

Swali la tatu ndilo lililobaki, na halitajibiwa na vigae. Mahali palipokuwa na vumbi hapana aliyepatamani. Mahali palipopambwa kwa mamilioni huanza kuhesabiwa: pangeweza kuingiza kiasi gani kwa mwezi, pangeweza kukodishwa kwa nani, kwa miaka mingapi. Ndiyo sababu naona hatari ya ufuo huu ni kubwa zaidi sasa kuliko ulipokuwa umechakaa.

Wenye kutetea ujenzi wa biashara wana hoja zao, na si za kudharauliwa. Husema vijana hawana kazi. Kweli. Husema kaunti yahitaji fedha za kufagia na kuwasha taa. Kweli pia. Kisha huuliza: mbona hamumpingi muuza mihogo, naye si mfanyabiashara? Hapo ndipo wanapokosea. Muuza mihogo huja na jiko lake alasiri, na usiku akiondoka hubaki majivu tu. Hakuziba njia, hakukata upepo, wala hakukufanya uwe mteja kabla hujaruhusiwa kuiona bahari. Jengo la kudumu lenye mkataba wa miaka huleta ukuta, na ukuta huleta bawabu, na bawabu hana budi kumchagua huyu na kumzuia yule, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa. (Wauzaji wetu nao wasijione malaika. Kuna wanaopanga viti vya plastiki ukuta mzima na kukuamuru ununue ndipo ukae, na kuna wenye vipaza sauti vya kutia watu uziwi. Huo nao ni unyang'anyi, ingawa ni mdogo.)

Yule bawabu namjua. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda na jamaa zangu kutembea pwani ya kaskazini. Tukafuata kinjia cha wavuvi tulichokizoea, kumbe kimewekwa geti la hoteli moja. Kijana aliyesimama pale, na kwa lafudhi yake alikuwa mtoto wa papa hapa pwani, aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," kisha akaniambia njia imefungwa. Nilimuuliza wavuvi hupita wapi. Akainama, akasema, "Mzee wangu, mimi nimewekwa tu." Sikumlaumu. Tulirudi, na watoto waliokuwa wamevaa nguo za kuogelea walikaa kimya garini njia nzima.

Sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 62, yasema ardhi yote iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa ni ya umma. Wengi wetu hutulia hapo na kudhani tumekwisha kulindwa. Lakini soma vizuri. Sheria hiyo yaulinda mchanga na mwamba unaofunikwa na maji. Ukuta tunaokalia, majani tunayotandika mikeka, mibuyu yenyewe, vyote viko juu ya mpaka huo. Unaweza basi kubaki na bahari yako kamili na ukakosa pa kuifikia, kama pale kwenye kinjia cha wavuvi.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na wanavyuoni wa fikihi wakaeleza kuwa njia za watu na kingo za maji zina harimu yake, mtu hawezi kuihuisha na kuimiliki kama ardhi iliyokufa. Tunajua pia maana ya wakfu: kitu kilichotolewa kwa ajili ya watu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Sidai kuwa Mama Ngina ni wakfu kwa hati. Nasema tu kuwa mzee wa Mombasa akisikia ufuo unakodishwa, kinachomshtua moyoni ni mafunzo hayo, wala si chuki ya maendeleo.

Twaweza kujifunza kwa ndugu zetu wa Unguja, ambako mifano miwili imesimama hatua chache tu baina yake. Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa jubilii ya Sultani Khalifa bin Harub, ilifungwa ikakarabatiwa na shirika la Aga Khan, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Wauza urojo na mishikaki walirudi, na mpaka leo mtu huingia bila kulipa, akitaka hula, asipotaka huwatazama vijana wakijirusha majini. Nenda mbele kidogo hadi Shangani. Nyumba ya Mambo Msiige, ya karne ya 19, pamoja na uwanja uliokuwa wazi ubavuni mwake, ilitolewa kwa hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015. Watu walilalamika, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikaonyesha wasiwasi wake juu ya ukubwa wa jengo jipya, lakini lilikuwa limekwisha kupanda. Malalamiko yaliyokuja baada ya msingi hayakulishusha hata ghorofa moja.

Hapa kwetu tunajua pia jinsi karatasi zinavyotembea. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa urefu namna ardhi ya umma ilivyogawanywa nchini: mtu hupewa barua ya kiwanja, haraka humuuzia kampuni, kampuni humuuzia mwingine, na siku wananchi wanapogutuka, mwenye hati wa mwisho huapa kuwa yeye alinunua kwa nia njema. Ndiyo maana kupiga kelele mara tu uvumi unaposikika si utovu wa adabu. Baada ya mauzo ya tatu huwa hapana wa kumshika.

Lakini sisi nasi tuna lawama yetu. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka mradi mkubwa uchunguzwe athari zake na watu watangaziwe watoe maoni. Matangazo hutolewa, aghalabu kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, katika ukurasa ambao mtu huufungia mahamri. Mkutano huitishwa, wakahudhuria wachache na karatasi ya mahudhurio ikatiwa saini, na karatasi hiyo ndiyo itakayoonyeshwa baadaye kuwa wananchi walikubali. Sisi tuko barazani tunalaani.

Yafaa basi tudai mambo mepesi, ambayo hayahitaji hata wakili. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo, kwa hiyo tangazo lolote linalohusu ufuo huu liandikwe kwa Kiswahili, libandikwe kwenye milango ya misikiti na makanisa, sokoni Mackinnon, kivukoni Likoni, na pale pale penye mibuyu. Mikataba yote ya vibanda na viwanja vya Mama Ngina, pamoja na majina na miaka yake, iwekwe mahali ambapo mtu yeyote aweza kuingia akaisoma. Na mkutano wa kusikiliza maoni usiitishwe Ijumaa adhuhuri katika ukumbi wa hoteli. Uitishwe Jumapili baada ya laasiri, papo hapo ukutani, ambapo akina nyanya watakuwa wamekwisha kufika na mikeka yao.