PAROLE SI MSAMAHA WA BURE

Wananchi wengi wa Mbinga na wa pwani ya Ziwa Nyasa, wasikiapo mfungwa ametoka kabla ya siku zake, husema: "Kaachiwa huyo, ana mtu wake." Maneno hayo yafaa tuyapime.

Sheria ya Bodi za Parole ilitungwa mwaka 1994. Yamhusu mfungwa wa miaka 4 au zaidi, aliyekwisha kutumikia theluthi moja ya kifungo chake kwa mwenendo mwema. Aliyefungwa miaka 9, basi, jina lake haliwezi kupelekwa kabla ya kumaliza 3. Mwenye kifungo cha maisha, mnyang'anyi wa kutumia silaha na mfanya biashara ya dawa za kulevya mlango huu hauwafungukii. Habari za mfungwa hupita Bodi ya Mkoa, kisha Bodi ya Taifa. Naye atokaye hatoki huru: yu chini ya uangalizi, ana masharti, na akiyavunja hurudishwa gerezani. Huu si msamaha wa Rais, ambao hutolewa kwa Katiba.

Lakini mtu akitoka Gereza la Kitai au la Songea haendi kuishi na Bodi. Aenda Liuli, Lituhi na Mbamba Bay kwenye usipa, au milimani kwenye ngoro na kahawa. Sisi ndio tutakaokaa naye. Kwa hiyo neno letu juu yake ni zito.

Aliyeibiwa nyavu zake au kuvunjiwa nyumba ana uchungu wa haki, na kilio chake kisikizwe kwanza. Kiongozi wa kijiji naye, aulizwapo, aseme kweli tupu. Asimkatae mtu kwa fitina ya mpaka wa shamba, wala asimpitishe kwa undugu au kwa bakshishi. Akifanya hivyo amewadhulumu wawili: aliyekosewa, na mfungwa mwingine aliyestahili.

Na yule aliyepita kwa haki apewe jembe na nafasi katika mtumbwi. Tukimfungia milango yote, tutamwachia mlango mmoja tu, ule aliopitia mara ya kwanza.

Mkoloni alimfunga baba yetu kwa kukosa shilingi za kodi, asijali atarudi mtu wa namna gani. Nchi huru yapaswa kujali. Ndugu wanachama, gereza ni la Serikali, lakini kumrudisha mtu utuni ni kazi yetu wenyewe.