Fizikia Chini ya Miyombo: Jaribio Gani Lifaalo Mabamba?

Shule inapokusudia kuwapeleka wanafunzi nje kuchunguza mazingira, kazi hiyo aghalabu huachiwa mwalimu wa biolojia na mwenzake wa jiografia. Mmoja huhesabu miti na wadudu, wa pili huchora ramani ya mto. Mwalimu wa fizikia hubaki maabara. Akihimizwa sana kufuatana nao, huibeba pendula yake hadi porini, akawapimisha wanafunzi mvutano wa dunia chini ya mti. Jibu lake limo kitabuni tangu kabla hawajazaliwa, wala halibadiliki mti ukikatwa. Jaribio hilo ni sahihi, ila halikuhitaji safari.

Mabamba, katika wilaya ya Kibondo karibu na mpaka wa Burundi, ni mahali penye swali lake. Miyombo inapungua kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa. Je, mti ukiondolewa, ni kitu gani kinachobadilika ardhini chini yake? Mwalimu wa fizikia na achague jaribio linalojibu swali hilo, na linalowezekana kwa vyombo vilivyomo kabatini.

Wapo watakaopendekeza kupima mwanga chini ya majani kwa simu ya mkononi. Lakini simu mbili hazikubaliani, na kivuli hucheza kila upepo uvumapo. Wengine watapenda kuzamisha sahani nyeupe mtoni ili kuona maji yana tope kiasi gani. Hilo ni jaribio zuri, lakini humalizika kwa tarakimu moja, na Malagarasi ina mamba.

Lililo bora ni joto la udongo. Jua huupasha uso wa ardhi mchana, usiku ukapoa, na joto hilo hushuka chini kama wimbi linalodhoofika na kuchelewa. Katika udongo wa kawaida, kwenye kina cha sentimeta 12 hivi, kupanda na kushuka kwa joto hubaki kama theluthi moja tu ya kule kwa juu, na kilele chake huchelewa kwa muda unaokaribia saa nne. Uso ukiwa na joto jingi kuliko wakati wote saa 8 mchana, huko chini kilele hufika jua linapokuchwa. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kukokotoa kasi ya udongo kueneza joto kwa njia mbili: kwa kudhoofika kwa wimbi, na kwa kuchelewa kwake. Majibu mawili yasipolingana, hapo ndipo fizikia inapoanza. Pengine udongo wa juu ni mkavu na wa chini ni mbichi. Pengine kipimajoto hakikugusana vyema na udongo.

Mazingira nayo yamo ndani ya tarakimu hizo. Mbung'o jike hatagi mayai. Huzaa buu mmoja kwa wakati, naye hujifukia katika udongo laini wenye kivuli, sentimeta chache tu, akageuka kifuko kigumu. Katika nyuzi 25 hivi hukaa humo kama mwezi mmoja kabla ya kutoka akiwa nzi kamili. Kukiwa na baridi hukawia, na joto likizidi mno hufa. Basi kipimajoto kilichofukiwa kina cha kidole kinaeleza jambo zito katika nchi ambayo ugonjwa wa malale ulitumiwa na serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1930, kuwahamisha watu wa Kibondo na Kasulu na kuwakusanya katika makazi mapya. Hata hivyo, wanafunzi wasipelekwe kwenye vichaka vya mbung'o. Miyombo michache iliyo jirani na shule, na shamba tupu kando yake, vyatosha.

Sehemu hizo mbili ziwe na udongo wa aina moja na mteremko unaoelekea upande mmoja. Matundu yatobolewe kwa nondo nyembamba, yawe ya sentimeta 5, 10, 20 na 30. Vipimajoto viwe vya spiriti, si vya zebaki. Kwa kuwa kipimajoto kikitolewa ardhini hubadilika kabla hakijasomwa, ncha yake ifunikwe kwa nta ya nyuki, bidhaa ambayo wafuga nyuki wa Kibondo hawaikosi, na kiachwe tunduni muda mrefu kabla ya kusomwa. La muhimu kuliko yote, vipimajoto vyote vitiwe kwanza katika ndoo moja ya maji na tofauti zao ziandikwe. Anayeiruka hatua hii atapima makosa ya kiwanda akidhani amepima msitu.

Vipimo visivyotarajiwa visifutwe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilichapisha jambo hilo katika jarida la Physics Education, na wataalamu wanabishana juu yake hadi leo. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi.

Kazi ifanywe mara mbili: Septemba udongo ukiwa mkavu, na tena mvua zikishakolea. Wanafunzi wa bweni wapokezane zamu usiku kucha, maana wimbi la joto halikomi kengele ya jioni inapogongwa. Matundu yawekewe vigingi, na daftari libaki shuleni, ili kidato kitakachofuata kipime palepale, hata kama miyombo ile itakuwa imekwisha katwa.