Mchezo Usio na Mipaka

Mwaka 2020 Sony ilinadi PlayStation 5 kwa mbiu isemayo kuwa mchezo hauna mipaka. Uwongo mtupu! Mwaka 2024, ilipotaka wachezaji wa kompyuta wajiandikishe katika mtandao wake, Helldivers 2 iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 usikofunguliwa mtandao huo, Tanzania ikiwamo. Kijana wa Kiwangwa, mwana wa mkulima wa mananasi, angelazimika kujiandika mkaazi wa Uingereza. Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe hakikukataliwa: "Baba Yetu", wimbo wa Civilization IV ya mwaka 2005, ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Basi wapenzi wa michezo, waombao daima picha angavu zaidi, na waombe kwanza lugha hiyo iandikwe kwenye skrini.