Pumzi ya Mgonjwa Asiyeweza Kupasuliwa

Mgonjwa wa saratani anapoambiwa kwamba uvimbe wake hauwezi kuondolewa kwa kisu, wengi hudhani kuwa kazi ya tiba imekwisha. Dhana hiyo si sahihi, na madhara yake huonekana wazi zaidi pale uvimbe unapolibana koo la hewa.

Koo la hewa la mtu mzima lina upana wa kadiri ya milimita 18. Likibanwa hadi milimita 8 hivi, mgonjwa hutweta afanyapo kazi. Likifikia milimita 5, hutweta hata akiwa ameketi. Mwanafunzi wa fizikia ataielewa sababu. Kwa mujibu wa kanuni ya Poiseuille, nusu kipenyo cha bomba kikipungua kwa nusu, ukinzani wake huongezeka mara 16. (Kanuni hiyo huhusu mtiririko mtulivu, katika koo lililobanwa hewa huvurugika, na hali huwa mbaya kuliko hesabu.) Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo tumaini la daktari, kwa kuwa milimita chache zikirudishwa, nafuu yake huwa kubwa mno.

Milimita hizo hurudishwa kwa stenti, yaani mrija mfupi unaowekwa ndani ya koo ili kuzizuia kuta zake zisibanwe. Mwaka 1990 Jean-François Dumon, daktari wa Marseille, Ufaransa, alitangaza mrija wake wa silikoni wenye vinundu vya nje vinavyouzuia usiteleze. Stenti nyingine hufumwa kwa waya wa aloi ya nikeli na titani. Hizo huingizwa zikiwa zimekunjwa, kisha hutanuka zenyewe.

Stenti haiui saratani. Makohozi huweza kuiziba, nayo huweza kuhama. Tena haifai kitu ikiwa pafu lililo mbele ya kizuizi limekwisha kuharibika.

Wako wasemao kuwa ni anasa kumtumilia fedha na utaalamu mtu ambaye hatapona. Hoja ya fedha ina uzito. Hoja ya kutopona haina, maana kisukari nacho hakiponi kwa insulini, wala hapana anayedai kwamba mgonjwa anyimwe dawa hiyo. Huko Bomet, Kenya, hospitali ya Tenwek imetumia kwa miaka mingi stenti za umio ili wagonjwa wa saratani waweze kumeza, tena bila kutegemea eksirei wakati wa kuziweka. Kazi ya koo la hewa ni ngumu zaidi, kwani fundi na mtoa usingizi hugombea njia moja na pumzi ya mgonjwa. Hata hivyo ni kazi ya kufundishika.

Kinachowapotezea wengi nafasi hiyo ni kuchelewa. Mlio wa pumzi katika koo lililobanwa mara nyingi hudhaniwa kuwa pumu, na mgonjwa hutibiwa pumu kwa miezi. Mtu mzima ambaye hakuwa na pumu, akaanza kutoa mlio huo, na dawa za pumu zisimsaidie, hana budi kupelekwa achunguzwe koo angali anaweza kutembea.